Kukizunguka Kisiwa cha Saanane kwa miguu: mwongozo kamili wa nusu siku

Wakazi wengi wa Mwanza tumekua tukikitazama Kisiwa cha Saanane kutoka ng'ambo. Kipo pale, mawe na miti, dakika chache tu kwa boti, na kwa kuwa kiko karibu hivyo tunaahirisha kwenda mwaka hadi mwaka. Wanaokwenda, wengi huvuka sikukuu. Wanashuka kwenye boti saa sita mchana, wanapanda mawe yakiwa yamepamba moto, wanapiga picha, wanakula, wanarudi. Nami safari yangu ya kwanza niliifanya hivyo hivyo, na nilirudi na kichwa kinaniuma bila kuwa nimemwona hata mjusi mmoja kwa utulivu.

Udogo wa kisiwa hiki ndio utajiri wake. Kwa mwendo wa asubuhi moja unapita kwenye kichaka cha ukingo wa ziwa, mawe makavu, uwanda wa nyasi, kivuli cha mikuyu na matete, na kila baada ya hatua mia kadhaa hewa inabadilika, sauti zinabadilika, hata harufu. Ili uyapate yote hayo unahitaji mambo mawili: kuanza mapema, na kutembea kwa mpangilio sahihi. Mpangilio wenyewe ni huu: mawe kwanza, kivuli baadaye, maji mwishoni. Mengine yote nitakayoeleza yanatokana na hapo.

Ugumu wake ni wa wastani. Mtu anayeweza kupanda ngazi za ghorofa nne bila kusimama ataumudu mzunguko huu. Kwenye mawe utatumia mikono mara chache, na magoti yatafanya kazi wakati wa kushuka. Mimi hutenga saa nne tangu kukanyaga kisiwa hadi kurudi kwenye boti, saa moja katika hizo ikiwa ya kukaa tu na kutazama.

Kidogo kuhusu mahali unapokwenda. Kisiwa kinaitwa kwa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi hapo. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, ndiyo maana wazee wengi wa mjini bado wanakumbuka kupelekwa na shule kuona wanyama kwenye vizimba. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Eneo lote ni kilomita za mraba 2.18, ukijumlisha visiwa vidogo vya jirani na maji yanayovizunguka. Hayo maji nayo ni hifadhi. Samaki huzaliana humo.

Siku na saa

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, ndiyo rahisi kuliko yote: njia ni kavu, nyasi zimelala, wanyama wanaonekana kirahisi. Ubaya wake ni upepo wa kusini mashariki, ambao miezi hiyo huvuma kwa nguvu na kulichafua ziwa mapema. Kipindi ninachokipenda zaidi ni mwanzo wa vuli, Oktoba na Novemba, mvua za kwanza zikishanyesha mara tatu au nne. Kisiwa kinarudi kuwa kijani ndani ya wiki mbili, ndege wanajenga viota, na mawe yanaoshwa vumbi. Masika, Machi hadi Mei, nenda tu kama umezoea kutembea kwenye jiwe bichi.

Kuhusu saa, kumbuka jua la Mwanza. Huku kwetu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, likichelewa karibu nusu saa nyuma ya Dar es Salaam, maana tuko magharibi zaidi na saa zetu ni zile zile. Mgeni anayepanga safari kwa mazoea ya pwani hujikuta gatini gizani. Lengo lako liwe kuvuka na boti ya kwanza utakayoipata na kuwa juu ya mawe kabla ya saa tatu. Baada ya saa nne jiwe linaanza kurudisha joto, na kufikia saa sita huwezi kuliwekea kiganja.

Ziwa nalo lina ratiba yake. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo unatoka nchi kavu kuelekea ziwani. Ndio unaowasukuma wavuvi wa tanga alfajiri. Mchana nchi kavu inapashwa moto haraka, upepo unageuka na kuanza kuvuma kutoka ziwani, na kuanzia saa saba au saa nane mawimbi yanaongezeka. Hivyo anayevuka asubuhi na kurudi kabla ya saa saba anapita kwenye maji matulivu mara zote mbili.

Kibali, boti na salamu

Ofisi ya hifadhi na gati viko upande wa Capri Point. Ukitokea stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo, panda daladala hadi mjini, halafu bodaboda au miguu yako. Fika siku moja kabla kama unaweza, uulize viingilio vya sasa na muda wa boti, kwa sababu hivyo hubadilika. Malipo hayafanyiki kwa fedha mkononi; utapewa kontroo namba na kulipa kwa simu au benki, kwa hiyo weka salio la kutosha usiku wake. Beba kitambulisho cha NIDA. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, na bila kitambulisho huwezi kudai kuwa wewe ni mwenyeji.

Omba kutembea na askari wa hifadhi. Msalimie kwanza, mwite afande, mwambie wazi unachotaka: "Afande, shikamoo. Tunaomba kukizunguka kisiwa chote taratibu, tuanze na mawe." Sema hilo la kuanza na mawe mapema kabisa, maana wageni wengi hupelekwa moja kwa moja kwenye vibanda vya mapumziko. Mwulize pia njia ipi imefungwa, mamba ameonekana upande gani wiki hii, na kama kuna swala wenye watoto. Askari anayeulizwa maswali ya maana hufunguka, na utajifunza kwake kuliko kwenye mwongozo wowote, huu ukiwemo.

Kwenye boti, vaa jaketi okozi na ufunge mikanda yote, ya kifuani na ya katikati ya miguu kama ipo. Hata kama safari ni ya dakika chache. Hata kama unajua kuogelea. Mji huu ulipoteza ndugu zake kwenye MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na makaburi yao yako Igoma, na tarehe 20 Septemba 2018 tukalia tena kwa MV Nyerere karibu na Ukara. Jaketi likikosa kifungo, omba jingine, na kama boti imejaa, subiri inayofuata. Hakuna atakayekulaumu.

Vya kuvaa na kubeba

Viatu ndivyo vya kwanza. Raba yenye soli laini inayopinda inashika jiwe vizuri kuliko buti gumu la mvua. Soli iliyosuguliwa ikawa kama kioo iache nyumbani. Jaribu hivi: simama kwenye sakafu ya saruji yenye mteremko, mimina maji kidogo, tembea. Ukiteleza hapo, utateleza kule. Suruali ndefu nyepesi na mikono mirefu vinakusaidia kwenye vichaka na kwenye jua kwa pamoja. Kofia iwe na kamba, kwa sababu juu ya mawe upepo huichukua na hutaifuata.

Maji, lita mbili kwa kila mtu mzima. Usitegemee kuchota ziwani. Chakula cha njiani kilichonifaa kuliko biskuti zote ni matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga za chumvi. Matobolwa ni mepesi, hayaozi kwenye joto, ukitafuna polepole yanakupa nguvu ya saa nzima, na karanga zinarudisha chumvi iliyokutoka kwa jasho. Wasukuma walikuwa na chakula cha safari kabla duka la kwanza halijafunguliwa. Weka vyote kwenye mfuko wa kitambaa au chombo chenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kisiwani tumbili wanaijua sauti yake.

Ongeza filimbi, bendeji mbili pana za kunyoosha, sabuni kipande, na darubini kama unayo. Viatu na soksi visafishwe kabla ya kuondoka: mbegu za magugu husafiri kwenye matope ya soli, na kisiwa kidogo hakina mahali pa kukimbilia mmea mgeni ukishaota.

Kutoka gatini hadi kwenye mawe

Ukishashuka, usitembee mara moja. Simama dakika tano pale pale kwenye kivuli. Sauti ya injini ya boti imewanyamazisha viumbe wote wa karibu, nao wanahitaji muda huo kurudi kwenye shughuli zao. Utaanza kusikia mnana wakigombana kwenye viota, kisha mahali fulani juu mlio wa furukombe, ule wa kutupa kichwa nyuma.

Kichaka cha ukingo ni kizito na chenye miiba. Pita katikati ya njia, mikono karibu na mwili. Ukiona mti unaosimama kama kinara cha mishumaa, wenye matawi ya kijani yasiyo na majani, huyo ni jamaa wa mnyaa tunaotumia kwa ua vijijini. Usilivunje tawi lake. Maziwa yake yakiingia jichoni yanaunguza vibaya. Ikitokea, osha kwa maji mengi safi kwa robo saa nzima, na umpeleke mgonjwa hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Mwendo wa hapa uwe wa taratibu mno, hata kama unahisi una nguvu. Unapasha mwili moto tu. Kuna watu wanaoumaliza upepo wao hapa halafu wanafika kwenye mawe wakitetemeka miguu.

Mawe

Hapa ndipo pa kukaa. Miti inaisha ghafla, karibu kwa mstari, na unakanyaga jiwe tupu lenye joto lake na harufu yake kavu.

Haya mawe yaliyopangana kana kwamba mtu ameyaweka kwa mkono ndiyo yaliyoupa mji jina la Jiji la Miamba, na kule mjini Jiwe la Bismarck ni ndugu yao mmoja. Yamekuwepo zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hakuna aliyeyapanga. Zamani yalikuwa mwamba mmoja mkubwa chini ya ardhi, wenye nyufa za wima na za ulalo. Maji yakapenya kwenye nyufa na kuyaozesha mawe taratibu, pembeni zaidi kuliko katikati, mpaka kila kipande kikabaki na kiini kigumu cha mviringo kilichozungukwa na udongo. Udongo ukasombwa na mvua, viini vikabaki vimekaliana. Ukijua hivyo, unaanza kuona ufa wa zamani kila panapokutana mawe mawili.

Kwa mguu wako, elimu hiyo ina kazi. Juu ya mawe makubwa kuna magamba mapana yaliyobanduka kama ganda la kitunguu kwa joto la mchana na baridi ya usiku. Gamba lililoshika ni salama. Lililoachia linaweza kuteleza na wewe juu yake. Ligonge kwa kisigino au kwa fimbo. Likitoa sauti nzito, pita. Likitoa sauti ya mtungi mtupu, lizunguke.

Unapopanda, kanyaga soli nzima, kiwiliwili kielekee mbele kidogo, na usiogope kuinama. Unapoteremka, geuza: magoti yapinde, hatua ziwe fupi, uzito ubaki juu ya miguu. Kosa la wengi ni kuegemea nyuma wakihofia kuanguka mbele, na kwa kufanya hivyo miguu inawatoka. Mahali penye mwinamo mkali kaa chini uteremke kwa makalio. Watoto hufanya hivyo bila kufundishwa, na hawaanguki. Usiingize mkono kwenye ufa ambao macho hayajaingia kwanza.

Madoa ya kijivu, ya kijani na ya rangi ya chungwa yaliyogandamana na jiwe ni hai. Ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, na doa la ukubwa wa kiganja linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko wewe. Yakiwa makavu hayana neno. Yakilowa, hata kwa umande tu, yanateleza kama bamia. Ndiyo sababu nyingine ya kutokimbilia juu alfajiri mno: liache jua lilambe jiwe nusu saa kwanza.

Sasa tafuta mahali pa kukaa, juu penye mwonekano mpana lakini mita chache kabla ya ukingo. Kaa nusu saa. Wa kwanza kutokea watakuwa mijusi. Dume ana kichwa na mabega mekundu yanayokaribia waridi, na mwili wa buluu iliyokolea. Jike ni wa kahawia kama jiwe lenyewe. Dume anapopiga pushapu juu ya jiwe lake anawaambia madume wengine wasivuke mpaka. Mjusi huyu kitaalamu anaitwa Agama mwanzae, jina alilopewa mwaka 1923 kutokana na mji wetu. Watu wa nchi za mbali wanamfuga kwenye vioo na kumtafuta kwa picha, naye yupo hapa anaota jua bure. Kila nikimwonyesha mtoto wa Mwanza jina hilo, naona anavyolitazama jiwe upya.

Pimbi watafuata. Utawajua kwanza kwa michirizi myeupe kwenye kuta za mawe. Ni mkojo wao, uliokauka mahali pale pale kwa vizazi vingi. Mmoja hukaa juu kama mlinzi wakati wengine wanakula. Akipiga ukelele, wote wanazama kwenye nyufa kwa mara moja, nawe tazama angani, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kuwa tai anapita. Kimaumbile, ndugu wa karibu wa pimbi katika wanyama wa nchi kavu ni tembo. Mweleze hilo mtu mliyeongozana naye halafu mwache amtazame tena.

Kwenye nyufa zenye udongo kidogo kuna mishubiri, na ikichanua, ndege wadogo waitwao chozi hawatulii. Na mahali pengine utaona mkuyu umeota juu ya jiwe, mizizi ikishuka mita kadhaa kama nta iliyomwagika mpaka ipate ardhi. Mbegu yake ililetwa na ndege au tumbili aliyekula tunda kwingine akajisaidia pale.

Kutoka juu unaona Capri Point, meli bandarini, jengo la hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, na nyumba zilizopanda kwenye vilima vya mawe pande zote. Tazama rangi ya vilima hivyo kisha tazama chini ya miguu yako. Ni mawe yale yale. Hivi ndivyo vilima vya mji vilivyokuwa kabla hatujakata kuni na kujenga.

Jambo moja la hatari hapa: radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi mno duniani, na kilele cha jiwe kilichozungukwa na maji si mahali pa kubaki. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo. Gawanya kwa tatu, utapata umbali wake kwa kilomita. Zikiwa pungufu ya sekunde 30, teremka papo hapo, ukae mahali pa chini mbali na mti mmoja uliosimama peke yake.

Nyasi, kisha mikuyu

Ukiteremka upande wa pili unaingia kwenye uwanda wenye nyasi na miti iliyotawanyika. Eneo ni dogo na unaweza kulivuka kwa dakika kumi, lakini hapa ndipo pa swala pala. Tembeeni mstari mmoja, msizungumze, na msiwaweke swala katikati yenu na maji. Swala akiinua kichwa na kukoroma, simameni mpaka arudi kula. Ukimfanya akimbie kwenye kisiwa kidogo namna hii, anakimbilia wapi?

Kobe nao wako hapa na kwenye mawe. Usimwinue. Kobe aliyeshtuka anaweza kutoa maji aliyoyahifadhi mwilini, na wakati wa kiangazi hayo ndiyo uhai wake.

Kufikia saa nne na nusu jua linauma, nawe kwa mpangilio huu ndio kwanza unaingia kwenye kivuli cha mikuyu. Ndiyo raha ya kuanza na mawe. Joto linashuka mara moja, ardhi ni laini, kuna harufu ya majani yaliyooza. Mkuyu unapozaa, ndege na tumbili hukusanyika, kwa sababu mikuyu haizai yote kwa wakati mmoja na mara nyingi kuna mmoja wenye matunda. Pasua kuyu lililoanguka na huenda ukakuta vinyigu vidogo sana, hawa ndio wanaochavusha maua yake, ambayo yamejificha ndani ya tunda lenyewe. Bila kinyigu hakuna mbegu, na bila mbegu hakuna mkuyu mpya.

Kuleni hapa, lakini mfuko ukae mapajani. Usiwape tumbili chochote, hata ganda la karanga; tumbili aliyezoea kulishwa huja kupora, halafu huuma, halafu anauawa. Wasikilize badala yake. Wana milio tofauti kwa hatari tofauti. Wakipiga kelele wakitazama juu, ni tai. Wakiwa wamesimama wima kwa miguu ya nyuma wakitazama chini kwenye nyasi, ni nyoka, na wewe pia simama, umtafute kwa macho kabla ya kunyanyua mguu.

Ikitokea mtu ameumwa na nyoka: mtoe eneo hilo, mkalishe, mvue pete na saa, kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye kijiti kisitikisike, piga simu kwa askari. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, usipake kitu. Boti hadi gatini na gari hadi Bugando ni safari fupi kuliko ile ya wengi wa vijijini. Itumie faida hiyo.

Ukingo wa maji

Kipande cha mwisho kinarudi gatini kando ya ziwa. Tembea mita kumi ndani ya ukingo, zaidi penye matete, kwa sababu mamba hukaa ambapo humwoni. Usichutame majini kunawa. Mahali askari anapokuambia ni salama kusogea, sogea ukiwa umesimama.

Kuna adui mdogo kuliko mamba na anayedhuru watu wengi zaidi: kichocho. Konokono wa maji matulivu yenye majani hutoa vijidudu hasa mchana wa jua, navyo hupenya ngozi ndani ya dakika chache tu. Hata kutembeza miguu majini "kidogo tu" inatosha. Ukilowa, jifute kwa nguvu mara moja, na baada ya wiki sita hadi nane nenda ukapime choo kituo cha afya. Kikigundulika, dawa ya prazikwanteli inatibu.

Baada ya hayo, tulia utazame. Mdiria mweusi na mweupe hupiga mabawa akiwa amesimama hewani, kisha hudondoka kama jiwe. Mnandi hutanua mabawa juu ya mwamba kwa sababu manyoya yake hulowa maji, tofauti na ya bata, na lazima ayakaushe. Viota vya mnana vinaning'inia juu ya maji ambapo nyoka anapata shida kufika. Ukibahatika kupata maji maangavu yenye mchanga chini, tafuta mashimo ya mviringo kama sahani: ni vitanda vya sato. Dume hukichimba na kukilinda, jike hutaga hapo, kisha anayachukua mayai kinywani mwake na kuyaatamia humo. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, sato huyu mkubwa naye aliletwa kipindi hicho hicho, na furu wengi waliokuwa wa ziwa hili peke yake wakapotea. Kwenye mawe ya majini bado utaona wachache waliobaki, wadogo, wakila ukoga.

Matete yenyewe yanachuja matope na kuficha vifaranga vya samaki. Gugu maji, lenye maua ya zambarau, ni jambo jingine. Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na hufika hapa likisukumwa na upepo. Linaziba gati, linazima mwanga chini yake, konokono wa kichocho wanalipenda. Kinachonisikitisha zaidi, hata hivyo, ni chupa na ndala zinazokuja pamoja nalo kutoka mitaroni kwetu mjini. Mimi hubeba gunia dogo na kuokota nilichoweza kukifikia bila kugusa maji. Mwombe afande ruhusa kwanza, na vaa glavu.

Watoto, wazee, na wanaotaka zaidi

Mtoto wa miaka saba na kuendelea anaweza mzunguko wote kama kila mtoto ana mtu mzima wake kwenye mawe. Kwa mzee mwenye magoti, rukeni kilele: mpitisheni njia ya chini hadi kwenye mikuyu, mkutane hapo saa nne na nusu. Bibi mmoja niliyeongozana naye hivyo alituonyesha mimea ya dawa mitano kabla sisi hatujamaliza kushuka.

Anayetaka msitu wenyewe, mkubwa na wa giza, aandae siku kadhaa na kwenda Rubondo, upande wa Geita: hifadhi tangu mwaka 1977, sehemu kubwa ikiwa msitu, yenye sokwe waliopelekwa huko miaka ya 1960 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, na nzohe kwenye mafunjo. Saanane itakuwa imekufundisha miguu na macho.

Kabla ya kupanda boti ya kurudi, kaa kwenye jiwe karibu na gati, vua viatu, na uondoe kila mbegu iliyonasa kwenye soksi na kwenye pindo la suruali. Ziache hapo hapo zilipoota. Kagua vifundo vya miguu na nyuma ya magoti kama kuna kupe, kunywa maji yaliyobaki, funga jaketi, na mkumbushe afande saa mliyomaliza ili ayaandike majina yenu kwamba mmetoka.